Kamba ya Uwanjani

Jirani yangu mmoja, sajini mstaafu wa jeshi, hupenda kuja barazani kwangu jioni, hasa sikukuu za kitaifa zinapokaribia. Tunakunywa kahawa, tunakumbushana mambo ya ujana, na mara nyingi mazungumzo yetu huishia kwenye gwaride. Siku moja alikuja akiwa amekasirika. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha picha za maonyesho ya ndege za jeshi la Uingereza, na akamweleza kwamba ndege hizo hazifanyi tena vituko vyake vyote katika baadhi ya viwanja ambako zamani zilivifanya, kwa sababu ya kanuni za usalama.

"Mwalimu," akaniambia, "mambo yamekwisha. Hata jeshi sasa linaongozwa na makarani wenye futi kamba. Askari akionyesha kazi yake kwa woga namna hiyo, wananchi watajifunza nini?"

Sikumjibu. Si kwamba sikuwa na jibu, bali jibu nililokuwa nalo lilikuwa na sehemu moja ambayo sijapata kumweleza mtu yeyote. Tangu siku ile nimekuwa nikiigeuzageuza hoja ya sajini kama nilivyokuwa nikizigeuza insha za wanachuo wangu kabla ya kuzitia alama. Humu nataka kuisahihisha hoja hiyo kwa haki, na mwisho nitasema na yale yaliyonishinda kusema barazani.

Kwanza nikiri kwamba sajini hakusema uongo. Mwaka 2016, katika maonyesho makubwa ya Farnborough, kikosi cha Red Arrows cha Jeshi la Anga la Uingereza, chenye ndege nyekundu zinazoacha moshi wa rangi tatu, hakikufanya onyesho lake kamili. Kilipita angani kwa mpangilio, basi. Sababu iliyotolewa ni kwamba uwanja ule sasa umezungukwa na nyumba, barabara na shughuli nyingi za watu. Aliyekuwa amezoea kuziona ndege zile zikipishana uso kwa uso bila shaka alirudi nyumbani na kiu yake.

Ni kweli pia kwamba maonyesho ya jeshi si mchezo wa kupitisha wakati tu. Ndiyo nafasi pekee mwananchi wa kawaida anayopata kuliona jeshi lake likiwa katika amani. Mtoto anayesikia mizinga 21 ikipigwa hukumbuka mlio ule hadi uzeeni. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa shule nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961, na mpaka leo nikisikia bendi ya jeshi ikipita, mgongo wangu hunyooka wenyewe. Kwa hiyo anayelalamika kwamba maonyesho yanapunguzwa ladha asichekwe. Analilia kitu chenye thamani.

Lakini katika malalamiko ya namna hii huingia makosa mawili. La kwanza ni la kutojua sababu. Watu wengi wakiona jambo la zamani limetoweka, huibebesha kanuni lawama bila kuuliza. Chukua mfano wa Royal Tournament, maonyesho ya majeshi ya Uingereza yaliyoanza mwaka 1880 na kwa miaka mingi yakafanyika London katika ukumbi wa Earls Court. Yalikoma mwaka 1999. Ukimsikiliza mpenzi wa mambo ya kale atakwambia yaliuawa na watu wa usalama. La hasha. Yalikoma baada ya serikali kuyapitia upya mambo ya ulinzi mwaka 1998 na kuamua namna nyingine ya kuyatumia majeshi yake na fedha zake. Mtu asiyejua aliyeua asikimbilie kumshika mlinzi wa mlangoni.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kuchanganya hatari ya askari na hatari ya mtazamaji.

Katika maonyesho hayohayo ya London kulikuwa na mashindano ya mabaharia yaliyopendwa kuliko yote. Timu zilibomoa mzinga na kuubeba vipande vipande, zikapita juu ya ukuta, zikavuka pengo lililokaa kama korongo, kisha zikauunganisha tena na kuupiga. Mchezo huu ulitokana na kumbukumbu ya mabaharia walioipeleka mizinga yao nchi kavu wakati mji wa Ladysmith, huko Afrika Kusini, ulipozingirwa mwaka 1899 na 1900. Mtutu wa mzinga peke yake ulikuwa na uzito wa kilo 400 hivi, na wanaume wale waliubeba wakikimbia. Waliumia, wengine vidole, wengine mbavu. Lakini kila mmoja wao alijitolea, alifanya mazoezi kwa miezi, na nafasi katika timu aliigombania. Hakuna bibi aliyekaa kitini na mfuko wa karanga aliyetazamiwa kupoteza kidole chake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na sajini. Askari amekula kiapo. Rubani amechagua urubani, amefundishwa, na anajua ndege yake inaweza kumfanyia nini. Ushujaa wao ni wao, na tunawapa heshima yake. Mtazamaji hakula kiapo chochote. Amekuja na watoto wake kwa sababu ametangaziwa kwamba kuna sherehe. Basi kanuni inayoweka umbali kati ya hao wawili haimzuii askari kuwa shujaa. Inamzuia asimlazimishe mtu mwingine kuwa shujaa bila kumwomba ruhusa.

Umbali huo haukutungwa na makarani waliokosa kazi. Tarehe 6 Septemba 1952, katika uwanja uleule wa Farnborough, zaidi ya watu laki moja walikuwa wakitazama ndege mpya ya kivita aina ya DH.110. Rubani wake alikuwa John Derry, mmoja wa marubani hodari wa taifa lile, akiwa na msaidizi wake Tony Richards. Ilishuka kutoka juu kwa mwendo wa kupita sauti, watu wakasikia kishindo na kushangilia. Ilipogeuka kurudi upande wao, ilikatika vipande hewani. Injini zake ziliendelea mbele kwa kasi ileile iliyokuwa nayo ndege, na moja ikaangukia kilima kilichojaa watu. Watazamaji 29 walikufa pamoja na Derry na Richards. Maonyesho hayakusimamishwa. Uwanja ulisafishwa, na rubani mwingine, Neville Duke, akapaa na ndege yake siku ileile.

Sajini angesema huo ndio uanaume, na mimi simbishii kuhusu moyo wa Duke. Lakini jambo lililookoa maisha ya watu katika miaka iliyofuata si kupaa kwake. Ni vipimo vilivyowekwa baada ya msiba ule: ndege ya jeti inayokwenda moja kwa moja ikae angalau meta 230 kutoka kwa watu, ikiwa inakata kona au kupinduka, meta 450, na isishuke chini ya meta 150. Tazama jinsi vipimo hivyo vilivyofikiriwa. Ndege inayogeuka hutakiwa kukaa mbali zaidi kwa kuwa kilichovunjika kwenye kona hutupwa mbali, kama jiwe linalotoka kwenye kombeo. Aliyeandika kanuni ile alikuwa amekwenda kutazama mahali zilipoangukia injini. Tangu mwaka ule, zaidi ya miaka 60 ilipita katika nchi ile bila mtu wa nje aliyekuja kutazama kuuawa na ndege ya maonyesho.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Tarehe 28 Agosti 1988, katika kambi ya Ramstein huko Ujerumani, kikosi cha Jeshi la Anga la Italia kilikuwa kikichora moyo mkubwa kwa moshi angani. Ndege moja ilitakiwa kuupasua moyo ule ikija kuelekea kwa watazamaji. Ndege tatu ziligongana, na hiyo iliyokuwa ikielekea kwa watu ikawaangukia. Walikufa watu 70, watatu kati yao marubani, na mamia waliungua. Ujerumani ilipiga marufuku maonyesho ya namna hiyo kwa miaka mitatu. Ulikuwa mchoro mzuri kabisa, na uzuri wenyewe ulitokana na ndege kuja usoni kwa mtu.

Kisha tarehe 27 Julai 2002, katika uwanja wa Sknyliv karibu na mji wa Lviv nchini Ukraine, jeshi la anga lilikuwa likiadhimisha miaka 60 ya kikosi chake kimoja. Ndege aina ya Su-27 ilishuka chini mno ikifanya vituko, ikagusa ardhi na kujiviringisha katikati ya familia zilizokuwa zimesimama uwanjani. Marubani wawili walichomoka kwa viti vyao na kupona. Watazamaji 77 walikufa, 28 kati yao watoto. Mahakama iliwatia hatiani marubani na baadhi ya maofisa mwaka 2005. Hukumu ile ilikuwa ya haki au la, waachiwe wanasheria. Mimi naona jambo moja tu: miaka 50 baada ya Farnborough, somo lilikuwa limekwisha kuandikwa, ila mahali pale halikuzingatiwa.

Sasa nije kwenye hoja moja ambayo sajini hakuitoa, ingawa ndiyo ingenitikisa zaidi. Je, kanuni zikifuatwa, watu husalimika? Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege ya kivita ya zamani aina ya Hawker Hunter ilijaribu kupiga duara angani. Kwa mujibu wa uchunguzi, ilipofika kileleni ilikuwa katika futi 2,700 hivi, na ilitakiwa isipungue 3,500. Haikupata nafasi ya kumalizia duara. Iliangukia barabara kuu nje ya uwanja na kuua watu 11. Wale waliokuwa ndani, waliokata tiketi na kukaa nyuma ya uzio, walisalimika. Waliokufa walikuwa barabarani: wenye safari zao, wenye baiskeli zao, na wengine waliosimama kando ya njia wapate kutazama bure.

Ukosoaji wangu wa kanuni ndio huo. Zilikuwa zimempima vizuri mtu aliyelipa na kumsahau anayepita. Baada ya msiba ule ndege za jeti za zamani zilizuiwa kufanya vituko vikubwa juu ya nchi kavu, na waandaaji wakatakiwa kutazama hata nje ya uzio. Ndiyo maana mwaka uliofuata Red Arrows hawakupinduka Farnborough. Kile alichokiona sajini kama woga kilikuwa kanuni inayojifunza kuwahesabu watu iliokuwa haiwahesabu.

Nasi huku kwetu tuna wa kuwahesabu. Hatari yetu mara nyingi haitoki angani. Iko langoni. Tarehe 26 Juni 2019, siku ya Uhuru wa Madagascar, watu wasiopungua 15 walikanyagana hadi kufa kwenye uwanja wa Mahamasina mjini Antananarivo, siku ambayo gwaride lilifanyika hapo na tamasha la muziki likafuata. Na sote twakumbuka tarehe 21 Machi 2021, watu walipofurika Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam kumuaga Rais Magufuli. Walikufa watu 45 katika msongamano. Hapakuwa na bomu wala ndege. Palikuwa na wingi wa watu, mapenzi yao, na njia zisizotosha.

Vilevile tuna watoto wetu wa halaiki. Nimewasindikiza mara nyingi. Huamshwa kabla ya alfajiri, hupangwa juani saa nyingi wakisubiri wakubwa, kisha hutakiwa kutabasamu. Wakianguka, wenye msalaba mwekundu huwabeba, na sisi watu wazima husema, "Hakunywa chai huyo." Hata askari wa Uingereza, watu wazima wenye mazoezi, walianguka kwa joto la nyuzi 30 katika mazoezi ya gwaride la mfalme wao mjini London mwezi Juni 2023, wakiwa na kofia zao za manyoya ya dubu. Kama mwanajeshi huanguka, mtoto wa darasa la tano aliyekuja na tumbo tupu tumtake nini?

Nimefika mahali nilipopakwepa barazani.

Mwaka 1981 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu. Chuo kilikuwa na shule ya mazoezi, na mimi nilikuwa msimamizi wake. Katika sherehe moja ya mkoa tulialikwa kutazama onyesho la vita vya kuigiza: askari wangevamia kilima cha mchanga, wakipiga risasi baridi, na mafataki yangelipuka ardhini kana kwamba ni mabomu. Nilipeleka watoto zaidi ya 80. Tulikuta kamba ya katani imefungwa kwenye vigingi, na nyuma yake watu wazima wamekwisha jaa. Watoto wangu hawakuona kitu.

Nilimwendea koplo aliyesimama pale. Nikamwambia, "Afande, hawa watoto ni wafupi, tusogezee kamba kidogo." Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, nimepima kwa hatua. Kamba ikae hapo ilipo."

Sikuridhika. Niliona anaringa na cheo kidogo. Nikamtafuta mtu mmoja wa kamati ya sherehe niliyefahamiana naye, nikamwambia kwamba watoto wa taifa hili wananyimwa kuliona jeshi lao. Maneno yangu yalikuwa matamu, maana nilikuwa kijana na nilijua kusema. Amri ikatoka kwa mkubwa. Koplo aling'oa vigingi bila kunitazama, akavirudisha mbele kiasi cha hatua 20. Watoto walishangilia, nami nikajiona shujaa wao.

Fataki la tatu au la nne lilirusha mchanga na vijiwe. Kijiwe kimoja, si kikubwa kuliko punje ya hindi, kilimpata msichana wa darasa la tatu katika jicho la kushoto. Hakupiga kelele. Alifunika uso kwa mikono miwili na kuketi chini. Hospitali walifanya walivyoweza, lakini jicho halikuona tena.

Nilikwenda kwa baba yake kuomba radhi. Mzee yule alinikaribisha kwenye kigoda, akaniletea maji ya kunywa, akasema, "Mwalimu, usijisumbue. Ni ajali. Ni kazi ya Mungu." Nikasema, "Naam, Mzee." Katika taarifa niliyoandika nilitumia neno hilohilo, ajali. Kuhusu kamba sikuandika neno. Koplo alihojiwa, mimi sikuhojiwa. Sijui aliadhibiwaje, kwa maana sikuuliza.

Nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka 40. Miaka hiyo yote nimefundisha walimu, nikafika kuwa mkuu wa chuo, na nimewaambia vijana wengi kwamba mwalimu ni mzazi. Yule msichana sasa ni bibi mwenye wajukuu. Nilikutana naye miaka michache iliyopita kwenye foleni ya dawa. Alinitambua kabla sijamtambua, akapiga goti kidogo na kuniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba, na macho yangu yakatafuta mahali pengine pa kutazama. Hajui kwamba kamba ilisogezwa kwa ajili ya maneno yangu. Akisoma kurasa hizi atajua, nami nimeziandika nikilitambua hilo.

Kwa hiyo, sajini, hoja yako naifahamu vizuri, maana niliitumia kabla yako. Mimi ndiye niliyemwona mwenye kupima hatua kuwa karani. Niliamini kwamba watoto wakikaa karibu zaidi watalipenda jeshi lao zaidi. Nawe ukinijibu kwamba kanuni nyingine ni karatasi tu, zinazoandikwa ili mkubwa apate mahali pa kujificha mambo yakiharibika, nitakubali. Nimeona sherehe zenye fomu za kurasa kumi na lango moja la kutokea. Karatasi ya namna hiyo inastahili hasira yako yote, kwa sababu inamlinda aliyeitia sahihi na kumwacha aliyesimama juani.

Basi kipimo changu ni hiki, na wakubwa wa sherehe wakikiona kinafaa wakichukue. Kabla ya onyesho, mwenye dhamana aende akasimame mahali pa yule aliye dhaifu kuliko wote: mtoto wa mstari wa mbele, mama aliyebanwa langoni, mwenye baiskeli anayepita nje ya uzio. Akiwa pale ajiulize, jambo likiharibika, huyu ataondokaje? Kanuni inayojibu swali hilo ifuatwe hata kama inapunguza uhondo. Isiyolijibu ivunjwe, iandikwe nyingine. Na akikuta askari mdogo amepima kwa hatua zake na anasema kamba ikae hapo ilipo, amwulize kwanza amepimaje, kabla ya kumtafuta mtu wa kumshinda kwa cheo.

Jioni ya leo sajini atakuja kunywa kahawa. Nimekusudia kumsomea maneno haya kabla hayajapelekwa kwa mpiga chapa.